Mama Funza na Ajenda Namba Mbili

Katika kata yetu, kando ya barabara kuu kaskazini ya Kilwa, ukimwulizia Brigita watu watafikiri kidogo kabla ya kujibu. Ukimwulizia Mama Funza utasindikizwa mpaka mlangoni, na anayekusindikiza atakuwa anatabasamu, kwa kuwa jina lile halitamkwi bila tabasamu.

Alipewa jina hilo kikaoni, miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa na miaka thelathini, ameteremka kutoka Kipatimu, kwenye milima ya Wamatumbi, kumfuata mumewe Nikodemo, seremala aliyepata kazi ya kutengeneza madawati huku pwani. Baba yake alikuwa katekista wa misheni, na yeye mwenyewe alimaliza kidato cha nne. Alikuwa fundi cherehani, na herufi zake alipoandika zilisimama sawasawa kama mishono yake. Ndiyo sababu mwenyekiti wa chama wa kata, Mzee Abilahi, alimpendekeza awe katibu.

Kabla watu hawajainua mikono, Majid alisimama. Majid ndiye mwenezi, kazi yake kutangaza habari za chama, na Mungu alimpa sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Mwenyekiti," alisema, "kabla hatujampa kalamu huyu bibi, tumkague miguu. Hawa wa milimani wakiteremka wanateremka na funza."

Ofisi nzima ilicheka. Na mimi nilikuwemo, mjumbe kama wengine, na nilicheka. Brigita alikuwa amevaa ndala. Nilimwona akitazama vidole vyake vya miguu, kama mtu anayehakikisha, kisha akainua uso kumtazama mwenyekiti.

Mzee Abilahi si mtu mbaya. Alikuwa bwana shamba mpaka alipostaafu, mpole, hajui kugomba. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Utani huo," alisema. "Majid na Wamatumbi ni watani. Tuendelee na ajenda."

Basi Brigita naye akacheka. Tangu siku hiyo akawa Mama Funza, na sifa yake kubwa katika chama ikawa kwamba ni mtu asiyekasirika.

Siku alipokabidhiwa kaunta buku la muhtasari, alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa kikao kile. Katibu aliyemtangulia alikuwa ameandika: "Palitokea utani kati ya wajumbe. Mwenyekiti alituliza." Ameniambia ameusoma mstari huo mara nyingi kuliko sala zake za asubuhi.

Miaka ikapita. Brigita akawa ndiye chama chenyewe kwa maana ya kazi. Yeye anafagia ofisi, anapeleka barua za mialiko kwa miguu, anashona sare za wanawake, anajua nani amefiwa na nani amejifungua. Alichokitaka kilikuwa kimoja, na hakukisema kwa mtu ila Nikodemo: uenyekiti wa wanawake wa kata. Alidhani kukaa kimya kwingi na kucheka kwingi kunahesabiwa mahali fulani, na kwamba siku moja ataitwa mbele.

Aliyeitwa alikuwa Debora.

Debora ni Msukuma. Familia yao ilihamia huku na ng'ombe kutoka Usangu alipokuwa binti mdogo, na sasa ana miaka kama thelathini. Makazi yao yako ndani, mwendo wa saa mbili kutoka barabarani. Kila asubuhi huleta maziwa kwa pikipiki yake mwenyewe, madumu mawili kila upande. Aliingia chama miaka mitatu tu iliyopita. Mwaka wa kwanza aliandikisha wanawake sitini wa kwao, wengi wao hawajawahi kukanyaga ofisi yoyote.

Brigita aliwaandika wote sitini kwa mkono wake, na kila jina lilimchoma.

Wivu wake ulikuwa wa vitu vidogo. Debora alipoingia ofisini, Mzee Abilahi alipangusa kiti. Debora hakuteremsha macho alipozungumza na wanaume. Nikodemo alisema chai ya maziwa ya Debora haina mfano, na kwa wiki nzima Brigita akapika chai ya rangi. Kilipoletwa kitambaa cha sare za uchaguzi wa wanawake, alimpima Debora kiuno, akaandika vipimo, kisha akakiweka kipande chake chini kabisa ya rundo. Kila alipofika karibu nacho, aliongeza vingine juu.

"Sare yangu vipi, dada?" Debora aliuliza.

"Inakuja. Watu ni wengi."

"Nione wa mbele yangu ni nani, nikamwombe tubadilishane."

"Wa mbele yako ni wote," alijibu Brigita, na Debora akacheka kwa moyo mweupe, jambo lililomwudhi zaidi.

Majina ya wagombea yaliletwa kikaoni mwezi wa Juni, wakati ufuta umeshavunwa na watu wana nafasi. Mzee Abilahi alisoma jina moja tu kutoka kwa wanawake: Debora. La Brigita halikuwemo. Hakuna aliyemkatalia, kwa kuwa hakuna aliyemfikiria. Alikuwa amekaa pale pale pembeni ya meza, kalamu mkononi, mahali ambapo kila mtu alimwona na hakuna aliyemtazama.

Majid akasimama. Ng'ombe waliwahi kuingia shambani kwake wakala ufuta, na tangu hapo hajawahi kumsalimu mtu wa kule ndani. Lakini hakulitaja shamba.

"Wanawake wa Kilwa wamekwisha?" aliuliza. "Mpaka tuongozwe na mtu anayenuka samadi? Mwenyekiti, tukimpa huyu kiti, wiki ijayo tutakuta ndama kafungwa kwenye kiti hicho. Hawa ni watu wa kupita. Wanalala na mbuzi chumba kimoja, watatufundisha nini sisi?"

Watu walicheka, ila si wote. Mzee Abilahi alivua miwani.

"Jamani, utani huo," alisema. "Tuendelee."

Debora alisimama. Hakupaza sauti. "Mwenyekiti, samahani. Mimi na ndugu Majid hatuna utani. Nimeuliza kwetu, hakuna. Naomba ujibu alichosema, usijibu utani."

Mzee Abilahi aliifuta miwani upande mmoja, akageuza, akafuta upande wa pili. "Tutalizungumza nje ya kikao," alisema mwishowe. Debora akachukua kofia yake ya pikipiki akatoka.

Kalamu ya Brigita ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Ameniambia kwamba alichokisikia moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa ghadhabu, lakini juu ya Debora. Kumbe mtu anaweza kusimama. Kumbe lile neno linaweza kujibiwa, na paa lisianguke. Kama ni hivyo, yeye alikuwa anacheka nini miaka yote hii? Akaandika, bila kufikiri, sentensi ambayo mkono wake uliijua: "Palitokea utani kati ya wajumbe. Mwenyekiti alituliza."

Debora alipeleka barua wilayani. Jibu lilikuja kwamba katibu wa wilaya, Bwana Leonard, angefika kikao kinachofuata, na kwamba jambo lingeangaliwa kwa kumbukumbu zilizopo. Kumbukumbu zilizopo zilikuwa ukurasa mmoja katika kaunta buku la Brigita.

Siku mbili kabla ya kikao, Debora alisimamisha pikipiki mbele ya baraza ya Brigita. Alishusha lita moja ya maziwa bila kuulizwa.

"Dada Brigita, umeandika nini?"

"Nimeandika kilichotokea."

"Kama kilivyotokea?"

Brigita aliendelea kukanyaga cherehani. "Mimi niliitwa funza, Debora. Mbele ya watu wale wale, na mtu yule yule. Sikuandika barua kwa mtu. Nilicheka. Wewe nani usicheke?"

"Ulicheka kwa sababu ilikuchekesha?"

Cherehani ilinyamaza.

"Mimi nikiingia dukani," Debora alisema, "wanafunika pua. Watoto wamefundishwa. Nimezoea. Lakini nilidhani ndani ya chama kuna mtu atasema basi. Nilidhani atakuwa wewe, kwa vile unajua."

"Hukuniuliza."

"Na wewe ulimwuliza nani?"

Debora aliwasha pikipiki akaondoka. Maziwa yalibaki barazani mpaka yakaganda. Nikodemo alipouliza kwa nini hayajachemshwa, Brigita alimwambia ayachemshe mwenyewe kama anayapenda hivyo.

Asubuhi ya kikao Mzee Abilahi alimwita Brigita pembeni, nyuma ya ofisi. "Katibu, leo usome kama ulivyoandika, basi. Muhtasari wako ndio kinga yetu. Uchaguzi uko karibu, wapinzani wanatafuta kitu cha kutusema."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Wewe ni mtu mzima. Hukuwahi kutusumbua."

Alikusudia kumsifu.

Bwana Leonard alikuwa mtu nadhifu, kaunda suti imepigwa pasi, simu mbili mezani. Debora alikuja na wanawake wapatao ishirini wa kwao, wakakaa mikeka ya nyuma. Bwana Leonard aliwatazama mstari kwa mstari kabla ya kuanza.

"Chama chetu hakina ubaguzi," alisema. "Katiba yetu imeukataza. Sasa mtu akisema ndani ya chama kuna ubaguzi, anaisingizia katiba. Inawezekana wajumbe walitaniana, na mmoja akapokea vibaya. Hayo ni mambo ya kibinadamu. Katibu, tusomee muhtasari, tuuthibitishe, tumalize."

Kwetu muhtasari husomwa kwa sauti tangu mstari wa kwanza, na mtu mwenye marekebisho huinua mkono kabla haujathibitishwa. Brigita alisoma waliohudhuria. Akasoma waliotoa udhuru. Akasoma kufungua kikao, ajenda ya kwanza, ya pili. Akafika kwenye mstari ule na kunyamaza. Tulidhani amepoteza mahali.

"Nina marekebisho," alisema.

"Katibu hajirekebishi mwenyewe," Majid alisema.

"Anajirekebisha," Bwana Leonard alisema, akitazama saa. "Endelea."

"Hapa niliandika kwamba palitokea utani. Naomba liondoke, iandikwe hivi." Na akayasema maneno ya Majid yote, samadi, ndama, mbuzi, watu wa kupita, moja baada ya jingine, kwa sauti ile ile aliyosomea majina ya waliohudhuria. Yakisomwa hivyo hayakuchekesha. Wanawake wa mikeka ya nyuma wengine hawakuwa wameyasikia kabla, na niliona mmoja akivuta kanga yake puani, akainusa, akaishusha.

"Mama Funza, na wewe," Majid alisema akicheka kidogo. "Sisi si watani? Mbona leo umegeuka?"

"Mama yangu alifariki mwaka juzi," Brigita alisema. "Kipatimu. Mnakumbuka, niliomba ruhusa. Watani wetu ni Wangindo. Walifika kabla ya ndugu. Kwetu kule ardhi ni mawe, walichimba tangu alfajiri mpaka saa saba. Kaburi lilipokwisha mmoja akalala ndani, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mwingine akavaa gauni la marehemu akaigiza alivyokuwa anachechemea. Walimtukana mama yangu siku nzima, na tulicheka, na walimzika kwa mikono yao." Akamgeukia Majid. "Wewe mtani wangu ulichimba upande gani?"

Majid alipangusa uso. "Nilituma salamu," alisema.

Mtu mmoja nyuma aliguna. Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna mtu wa huku asiyejua hesabu hiyo: anayekucheka ndiye anayekuzika, na asiyeweza kukuzika hana haki ya kukucheka.

"Wala mwenyekiti hakufika," Brigita aliongeza, kwa upole. "Lakini ndiye aliyetupa utani huo, mimi na Majid. Na Debora na Majid. Sijui aliutoa wapi."

Mzee Abilahi alikuwa ameshika miwani mkononi. Safari hii hakuifuta. Bwana Leonard alimwinamia akamnong'oneza, huku macho yake yakienda tena kwenye mikeka ya nyuma. Sijui ni aibu iliyomwinua mzee au ni ile mikeka. Pengine hata yeye hajui. Alisimama.

"Ndugu Debora," alisema, "nilisikia neno baya likisemwa mbele yangu, nikaliita jina zuri ili kikao kiendelee. Nilikosea. Kwa niaba ya chama, mimi mwenyekiti nakuomba radhi mbele ya wote hawa."

Debora alisema amepokea. Bwana Leonard akatangaza kwamba Majid atasimama kando na kazi ya uenezi kwa miezi sita, na akaomba jambo lisitoke nje. Brigita aliandika. Mzee Abilahi alikuwa bado amesimama, na Brigita akabakiza mistari miwili mitupu chini ya jina la Debora, kalamu tayari kwa jina la pili. Mzee Abilahi akakaa. Ajenda inayofuata ilikuwa ukarabati wa choo cha ofisi.

Ameniambia kwamba aliandika sentensi ya kumwomba Debora radhi kwa herufi nzuri kuliko zote za miaka kumi na miwili, na kwamba hajawahi kumchukia mtu kama alivyomchukia Debora alipokuwa anaiandika. Miaka yote alikuwa anayasubiri maneno yale bila kujua kwamba anayasubiri. Yalipokuja alitambua kila neno, kama mtu anayeona gauni aliloliota limevaliwa na mwingine, tena amelishona yeye mwenyewe.

Nje, watu walimzunguka kumpongeza. Mama mmoja alimshika mikono yote miwili. "Hongera sana, Mama Funza," alisema. "Leo umesema kweli."

Wiki moja ikapita. Asubuhi ya Jumatano Mzee Abilahi alipiga hodi barazani kwa Brigita, amevaa kanzu safi kana kwamba ni Ijumaa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, katibu. Nikodemo yupo?"

"Yuko kwenye madawati yake. Karibu kiti."

Alikaa juu ya kigoda, kati ya vipande vya vitambaa. Alitazama barabarani. "Ni ile habari ya zamani," alisema. "Ya miguu. Siku ile ulinitazama, nami niliona unanitazama. Nisamehe, mwanangu."

Brigita alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa, akaichomeka kwenye kitambaa. Maneno yale yalikuwa yamekuja mpaka nyumbani kwake, na yalikuwa madogo. Hakuna aliyeyasikia ila cherehani.

"Mwenyekiti, siku ile kikaoni tulikuwa wangapi?"

"Thelathini hivi."

"Thelathini na wanne. Nimeangalia kwenye daftari. Na Debora ulimwambia mbele ya wangapi?"

Mzee alitazama tena barabarani.

"Mimi sina neno na wewe," Brigita alisema. "Lakini jina nilipewa mbele ya watu. Hapa barazani hakuna wa kulichukua. Kikao ni Jumamosi."

Mzee Abilahi alikubali kwa kichwa. "Basi weka kwenye mengineyo," alisema.

"Kwenye mengineyo watu wanakuwa wameshasimama, wanatafuta viatu."

Mzee alianza kucheka, kisha akasita, akamtazama usoni kuona kama inaruhusiwa. Brigita hakumsaidia. Alivuta mtoto wa meza ya cherehani akatoa karatasi ya ajenda, iliyokwisha kuandikwa, inasubiri saini ya mwenyekiti tu.

"Namba mbili," alisema. "Baada ya muhtasari."

Mzee aliisogeza karibu na miwani. "Na taarifa ya Debora ya uchaguzi? Hiyo ndiyo nzito."

"Namba tatu."

"Mwanangu, Debora ndiye mgombea."

"Najua. Atasubiri."

Mzee Abilahi aliisoma karatasi tena tangu juu, akatoa kalamu mfukoni, akatia saini.

Alipoondoka, Brigita alichomoa kipande cha Debora kutoka chini ya rundo, akakikunjua mezani na kutafuta vipimo vyake. Jumamosi ilikuwa karibu, na mgombea hawezi kukaa mbele bila sare. Ameniambia alikishona vizuri. Hakusema alikishona kwa furaha.